Jumamosi Nilizozigeuza Mtihani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu kidole. Mwalimu Ndahani alikuwa na desturi ya kugonga mkono wa kiti kwa kidole cha shahada wakati ananisikiliza, na mimi niliamini kwamba kila alipogonga alikuwa ananiandikia kosa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, nikajithibitishia mwenyewe, nikaishi ndani ya imani hiyo karibu kiangazi kizima, kila Ijumaa jioni nikiiogopa Jumamosi inayokuja.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Juzi jirani yangu hapa tunapopanga, Nkuhungu, alitoa deki ya zamani ya kuchezea CD za filamu kwenye boksi, akaiwasha aone kama bado inafanya kazi. Haikufanya. Ila ilitoa ile harufu ya vumbi linaloungua juu ya bati la moto. Ninyi mliokulia Dodoma mnalijua vumbi letu, linaingia hata kwenye chupa iliyofungwa, na likiungua linanukia kama udongo uliokosa mvua. Nilikuwa naosha vyombo. Niliacha sufuria na povu lake, nikatoka nikasimama uani kama mtu aliyesikia anaitwa. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeanza kuandika ukurasa huu, nimeufuta, nimeuanza tena, na najua kabisa Mwalimu angesema nini kuhusu huko kufuta.

Tuliishi kijijini, mashariki ya mji, si mbali na barabara kubwa. Mwalimu Ndahani alikuwa jirani yetu na alitufundisha historia. Hakuwa anaona. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, kabla hajaanza shule, kwa hiyo rangi alizijua, na uso wa mama yake aliukumbuka, lakini herufi alikutana nazo kwa vidole, Buigiri, kwenye shule ya wasioona. Darasani alikuwa mkali. Aliingia na fimbo yake nyeupe, akaikunja, akaiweka mezani, na kuanzia hapo hakuna aliyekohoa bila sababu.

Lakini Ijumaa jioni alikuwa mtu mwingine. Alivua saa yake, ile ya kufunguka kifuniko ili mishale isomwe kwa kidole, akaitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo akalipandisha juu ya kabati. Mpaka Jumatatu asubuhi saa ilikaa humo. Walimu wengine Jumamosi walikuwa na wanafunzi wa kuwapalilia karanga, au walikuwa na twisheni. Mwalimu Ndahani alikuwa na kiti chake, blanketi la miguuni na redio ya kanda. Asubuhi muziki, mchana filamu, na Jumapili baada ya ibada, vitabu.

Mama yangu hakuelewa. Yeye alikuwa na shamba la alizeti na mistari michache ya zabibu, na Jumamosi kwake ilikuwa siku kama nyingine ila jua lake kali zaidi.

"Mwalimu gani huyo asiyechoka kupumzika?" alisema, tena kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua.

"Nimekusikia, Mama Penina," Mwalimu alijibu kutoka kwake. "Karibu tupumzike wote."

"Mbukwa, Mwalimu!" mama akamsalimu kwa Kigogo. "Nilikuwa nasema na kuku."

Hata hivyo mama huyohuyo ndiye aliyetutuma. Penina ni mdogo wangu, ananifuata, na wakati ule alikuwa na meno ya mbele yaliyokuwa yanaota kwa kujitakia. Mama alitutwisha ndoo, akasema, "Mpelekeeni Mwalimu maji. Na wewe," alinigeukia mimi, "ukifika kaa karibu naye. Mtu mwenye akili ukikaa naye zinakuambukiza."

"Kama mafua?" Penina aliuliza.

"Kama mafua. Nendeni."

Ndivyo nilivyoingia mara ya kwanza kwenye sebule ile siku isiyo ya shule. Ilikuwa miezi ya baridi, upepo ule unaopiga madirisha asubuhi mpaka saa sita. Mwalimu alikuwa amekaa, blanketi limemfunika mpaka kifuani, mikono yote miwili ndani, macho yamefumbwa. Nilidhani amelala. Nikamfanyia Penina ishara tuweke ndoo tuondoke. Mara Mwalimu akaangua kicheko, peke yake, kwenye chumba kimya. Penina alinishika shati. Niliwaza: kumbe ni mgonjwa, ndiyo maana hafanyi kazi Jumamosi. Nilishaanza kumhurumia pale alipotoa mkono, nikaona kilichokuwa chini ya blanketi ni kitabu, kikubwa kama sinia, kurasa zake nyeupe zimejaa nukta zisizo na wino.

"Shikamoo, Mwalimu," tukasema.

"Marahaba. Wekeni maji, mje niwasomee mjinga mmoja humu anavyojaribu kuuza punda aliyekufa."

Alitusomea huku mikono ikirudi chini ya blanketi kwa sababu ya baridi. Sijawahi kuona kitu cha anasa kama kile, mtu anasoma kitabu na bado mikono yake ina joto.

Siku hizo ndipo nilipoujua muziki wake. Alikuwa na kanda za dansi la zamani, zenye magitaa mawili yanayofukuzana mpaka huwezi kujua lipi limemkamata mwenzake, na alikuwa na kanda moja aliyoirekodi mwenyewe kwenye harusi, zeze na sauti za wanawake wa kijijini kwao. Katikati ya wimbo huo mbuzi analia. Mwalimu alimsubiri yule mbuzi kama anavyosubiriwa mwimbaji. "Sasa hivi, sasa hivi," alisema, na mbuzi akilia aliitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba hakukosea mahali pake.

Filamu ndizo zilizohitaji mtu. Zamani mdogo wake wa kike ndiye aliyekuwa akimsimulia, lakini aliolewa akahamia Kondoa. Tangu hapo Mwalimu alikuwa anasikiliza filamu bila macho ya mtu, na alisema ni kama kula mlenda bila ugali, unapita tu.

"Nani kati yenu," alituuliza Jumamosi moja, "ana macho na mdomo vinavyofanya kazi pamoja?"

"Mimi!" alisema Penina.

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa sina hakika.

"Tuanze na mkubwa," Mwalimu akasema, akapapasa chini, akavuta kigoda mpaka kando ya kiti chake. "Kaa hapa. Niambie kinachotokea."

Naomba mwelewe kigoda kile kilikuwa nini kwangu. Nyumbani mama alikuwa amechoka, na shuleni nilikuwa yule mtoto ambaye hata ikifika Desemba mwalimu bado anamwita kwa jina la kaka wa mtu mwingine. Pale kwenye kigoda, mtu mzima aligeuza sikio upande wangu na kusubiri. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa akisubiri nifungue mdomo. Nilipokaa tu, jambo la kwanza nililowaza ni jinsi ya kutokiacha.

Nikaanza. Nilisema kuna meza. Nikasema juu ya meza kuna kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, mekundu na ya manjano, mekundu ni mengi. Nikasema ukutani kuna saa, haitembei. Nikasema pazia lina mstari wa kijani upande wa chini.

"Watu wapo?" Mwalimu aliuliza.

"Wapo, Mwalimu."

"Wanafanya nini?"

"Mmoja amekaa kulia, mwanamke. Ana hereni. Mwingine amesimama, mwanaume, amevaa suruali ya..."

"Wamegombana?"

"Sijui. Hawajasema."

"Watazame nyuso."

Nilitazama nyuso. Niliona macho, pua na midomo. Niliogopa kusema wamegombana halafu ikawa hawakugombana. Na hapo ndipo nilipoona kidole. Kiligonga mkono wa kiti, kikanyamaza, kikagonga tena.

"Endelea, Karani," Mwalimu akasema.

Jina hilo lilinikaa. Karani, kwa kuwa niliandikisha kila kitu kilichopo. Yeye alilitamka kwa utani, mimi nililipokea kama maoni kwenye ripoti ya muhula.

Filamu za kwetu ndizo zilizonitesa zaidi, kwa sababu zina magari. "Gari linaingia getini," nilisema. Mwalimu alisubiri. Muziki wa huzuni ulipiga. Kidole kiligonga.

"Sasa?"

"Bado linaingia."

"Ala! Ni gari au treni?"

Penina alicheka mpaka akagaragara kwenye mkeka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu.

Mara moja nilitoka kwenda chooni, nikarudi nikakuta Penina amekalia kigoda changu. Nilisimama mlangoni kusikiliza. "Huyu baba," alikuwa anasema, "ana sura ya mtu aliyekula maharage ya jana. Anamwangalia mke wake kama anataka kumuuliza, ulitia nini? Mke naye anajifanya anakunja nguo. Mwongo huyo, hiyo nguo alishaikunja." Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Na kidole kilikuwa kinagonga haraka kuliko nilivyowahi kukiona kikigonga kwangu.

Nikahitimisha, na sasa nikiandika nasikia aibu ya kimtoto kabisa, kwamba Penina alikuwa amekosea kila sentensi, na Mwalimu alikuwa anacheka ili kumfariji. Nilimwonea huruma mdogo wangu. Usiku huo nilimpa kipande changu cha muhogo.

Kwa hiyo nilitafuta njia ya kutokosea. CD Mwalimu aliziazima kwenye kibanda cha video karibu na mashine ya kusaga, na mwenye kibanda alikuwa na mazoea ya kuionyesha kwanza kibandani kwake, katikati ya wiki, filamu ambayo Mwalimu ameiagiza. Nilianza kwenda. Nilisimama nje kwenye ufa wa mabati na kuangalia kwa jicho moja, nikirudia kwa midomo nitakavyosema Jumamosi. Njiani kurudi nilijisahihisha. Kitandani nilijisahihisha tena. Ilipofika Jumamosi niliweza kusimulia bila kusita. Nilijua lini mlango utafunguliwa na nani yuko nyuma yake. Nilijua machozi gani ni ya kweli.

"Karani amekuwa hodari," Mwalimu alisema wiki ya kwanza.

Wiki ya pili hakusema kitu. Wiki ya tatu aliuliza maswali machache kuliko kawaida. Kidole kilikuwa kimetulia kabisa, hakigongi, na moyo wangu ulikuwa umejaa, kwa sababu nilidhani hatimaye nimepata maksi zote.

Kisha ikaja filamu ya kijana mpiga ngoma. Anarudi kwao baada ya miaka mingi na zawadi ya mama yake mkononi. Filamu ndiyo kwanza imeanza, muziki ni wa furaha, watoto wanamkimbilia. Nikasema, "Kijana anaingia ndani. Amebeba zawadi."

Mwalimu aliinua mkono. "Penina, simamisha."

Penina alibonyeza deki. Upepo ukasikika dirishani.

"Kwa nini unamsikitikia?" Mwalimu aliniuliza.

"Nani, Mwalimu?"

"Huyo kijana. Ndiyo kwanza ameingia mlangoni, mama yake hajamwona, wewe tayari sauti yako imevaa nguo za msiba."

Yule kijana alikuwa anakufa mwishoni. Nilijua siku gani na kwa ajali gani.

"Umeshaiona."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ile ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nisikosee."

Nilisubiri anifokee kama darasani, na ningependelea hivyo. Badala yake alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Mimi nilitaka twende wote. Wewe umetangulia, umefika, umekaa, halafu unanipungia mkono nije. Sasa mimi nipo na nani njiani?"

Penina aliangalia miguu yake.

"Wiki ijayo atasimulia Penina," Mwalimu akasema.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipanga kumwomba radhi, nikatunga maneno, nikayaona hayafai, nikatunga mengine. Jumatatu darasani aliniuliza swali la vita vya Majimaji nikajibu sawasawa, akasema vema, akaendelea na mwingine, nami nikatafuta kwenye ile "vema" kitu ambacho hakikuwemo. Jumamosi Penina alikwenda na ndoo ndogo peke yake. Mimi nilibaki kwenye mistari ya zabibu na mama, nikifunga matawi kwenye waya. Kutoka pale tulisikia kicheko cha Mwalimu, kisha ukimya, kisha sauti zao zote mbili zikipiga yowe kwa pamoja.

"Wewe mbona huendi?" mama aliuliza.

"Nakusaidia."

"Unanisaidia nini, umefunga tawi hilohilo tangu asubuhi."

Nilitazama. Ni kweli, nilikuwa nalifunga na kulifungua, kwa sababu fundo lilikuwa limepinda.

Jumapili, baada ya ibada, Penina alirudi mbio kutoka ng'ambo ya ua. "Mwalimu anakuita. Kasema usije na maji."

Nilikwenda na maji. Sikujua mtu anaingiaje kwenye nyumba ya mwalimu mikono mitupu.

"Nilisema usije na maji."

"Nimesahau, Mwalimu."

"Hujasahau. Weka huko. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Kigoda kilikuwa mahali pake, kitupu, na sikuthubutu. "Nifanye nini, Mwalimu?"

"Usifanye."

Alibonyeza redio. Zeze likaanza, sauti za wanawake zikaingia juu yake moja baada ya nyingine. Yeye alifungua kitabu chake kwenye mapaja, mkono wa kushoto ukatembea juu ya kurasa. Mimi nilijaribu kutofanya. Niliona pazia limekaa upande, nikainuka kulinyoosha.

"Kaa."

Nikakaa. Niliona kanda zimepangwa vibaya. Niliona utando wa buibui. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda mahali, haikusema wapi. Wimbo ulikuwa mrefu kama safari ya kwenda Mtera kwa miguu. Ndipo nikaona mkono wake wa kulia, ule usiosoma. Kidole kilikuwa kinagonga mkono wa kiti.

Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa anasema. Mimi nilikuwa kimya, Penina alikuwa nje anacheza rede na wenzake. Kidole kikaendelea kugonga.

"Mwalimu," nikasema, "nani amekosea?"

"Wapi?"

"Unagonga."

Aliacha kusoma. "Nagonga nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, vibaya, bila mpangilio, nikianzia mwisho, kwamba kila kidole kinapogonga ni kosa, na kwamba Penina alikuwa anafeli, na kwamba wiki zile kidole kilipotulia nilijua nimepata mia. Nilipofika hapo alianza kucheka. Kisha akaacha. Alizima redio mbuzi akiwa hajafika, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Kwa hiyo siku zote hizo ukiwa umekaa hapa kando yangu, ulikuwa unasahihishwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na wewe, Mwalimu."

"Mimi Jumamosi sisahihishi hata mtihani wa taifa." Aliinua kile kidole, akakielekeza upande wangu, kama anamtambulisha mtu. "Hiki ni kidole kisichojua kutulia. Mama yangu alikuwa anakifunga kwa leso kanisani. Nikifurahi kinagonga, nikiogopa kinagonga. Kilitulia kwako wiki zile kwa sababu nilikuwa napooza kwa kuchoka, Karani. Ulikuwa unanisomea taarifa ya habari."

Sikujua nicheke au nilie. Nilichagua kukwaruza mkeka.

"Na wewe," aliuliza, "kipi chako hakitulii?"

"Kichwa."

"Basi tumekutana."

Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na CD ndani ya mfuko wa karatasi. Mwalimu mwenzake alikuwa amemletea kutoka mjini. "Hii kibandani haipo. Penina haijui, mimi siijui, wewe huijui. Ukitaka kwenda nyumbani, nenda, sitakuchukia. Penina atanisimulia. Ukitaka kubaki, kigoda hicho hapo."

Nataka kusema nilikaa mara moja. Sikukaa. Nilisimama katikati ya sebule, na deki ikaanza kupata moto, na ile harufu ikaanza. Nilikuwa naogopa kwa namna ambayo sasa, mtu mzima, naitambua vizuri kwa sababu bado inanitembelea, ile hofu ya kufungua mdomo kabla ya kujua sentensi itaishia wapi. Kisha nikasikia Penina huko nje akishangilia, nikajua akiitwa atakuja mbio, hatajiuliza chochote, na kigoda kitakuwa chake. Nikakaa.

Filamu ilianza kwenye stendi ya mabasi. "Kuna mama," nikasema. "Amebeba mtoto mgongoni na begi mkononi. Ana... ana haraka. Nadhani ana haraka."

"Nadhani ni neno zuri," Mwalimu alisema. "Endelea."

"Nyuma yake kuna mwanaume, shati jeupe. Anamfuata. Mama akisimama naye anasimama." Sauti yangu ilikuwa inapanda yenyewe. "Mwalimu, huyu ni mwizi!"

"Ee Mungu wangu. Mama amemwona?"

"Hajamwona! Anapita kwenye uchochoro. Anakimbia sasa. Jamaa naye anakimbia!"

Kidole kilikuwa kinagonga. Nilikiona kwa pembe ya jicho, kikanipa hofu ya zamani, halafu kikanipa mwendo. Mimi na Mwalimu tulikuwa tumeinama mbele, kichwa karibu na kichwa.

"Amemshika! Amemshika bega. Anatoa..." Nikanyamaza.

"Anatoa nini? Kisu?"

"Mwalimu, nimekosea."

"Umekosea nini, wewe mtoto, sema!"

"Siyo mwizi. Anampa kiatu. Kiatu cha mtoto. Kilidondoka stendi."

Mwalimu Ndahani alijirusha nyuma kwenye kiti, akapiga makofi. "Na mimi nilishamfunga jela! Nilishampa miaka thelathini!" Alicheka mpaka akatafuta khanga ya kufutia macho. "Maskini, na shati lake jeupe. Haya, twende, twende, usiniache."

Nilikosea tena mara nyingi. Nilimfanya dada kuwa mke. Nilisema mzee amelala kumbe amekufa, tukarudi nyuma wote wawili kumwomba radhi marehemu. Hakuna lililotokea. Dari haikuanguka. Mwisho wenyewe sikuuelewa: yule mama amesimama mlangoni kwa mume wake, mkono kwenye kitasa, picha ikaganda na majina yakaanza kupanda.

"Anaingia au anatoka?" Mwalimu aliuliza.

"Sijui."

"Begi analo?"

"Limefichwa na mlango."

"Anatoka," alisema Mwalimu. "Mimi ningetoka."

"Anaingia. Mtoto ana usingizi."

"Mtoto atalala kwenye basi."

"Baridi, Mwalimu!"

Tulibishana mpaka mama akaita kutoka ng'ambo ya ua kwamba kuku wameshaingia, watoto wa watu nao je. Mwalimu hakuniambia nani kashinda. Kuanzia hapo mimi na Penina tulipokezana, wiki yake na wiki yangu, mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Zamu ya Penina nilikuwa nakaa kwenye mkeka, nikimsikiliza anavyodanganya vizuri.

Mwalimu Ndahani amestaafu, yuko Kondoa kwa mdogo wake, na nasikia wajukuu wa nyumba ile wanagombania kumsimulia. Mimi nafanya kazi ya kuhariri sauti. Sikuisomea popote, nimejifunza kwa kuharibu. Bado nina wasiwasi, bado narudia kitu kizuri mpaka kinachakaa, na sitaki kuwadanganya kwamba nilipona Jumapili ile. Kilichobadilika ni kimoja tu: zamani nikiwa sijui nilinyamaza, siku hizi nasema sijui, na naendelea kuongea.